Mauzo ya papo kwa papo kutoka seva za PC za maduka hadi AS/400: njia gani haipotezi wala haizidishi?

Karani_Malindi ameuliza:

Assalaam alaykum wataalamu.

Maduka ya jumla ni manne: Darajani, Mwanakwerekwe, Chake Chake na Wete. Kila duka lina seva moja ya PC yenye Windows na PostgreSQL, inapokea mauzo ya kaunta tatu. Hesabu, stoku na madeni ya wateja yote yako kwenye IBM i 7.4 (mfumo wa mashine ya AS/400) makao makuu Malindi, Unguja, na programu zake ni za lugha ya RPG. Kwa sasa kila usiku seva inatoa faili la CSV, FTP inalipeleka, amri ya CPYFRMIMPF inalimimina kwenye faili la AS/400, kisha programu ya bachi inapunguza stoku.

Kinachotakiwa ni mauzo kufika Malindi ndani ya sekunde chache, ili mteja aliyemaliza kikomo chake cha mkopo Wete asubuhi asikopeshwe tena Darajani mchana.

Tumejaribu draiva ya ODBC (inayounganisha PC na kanzidata ya AS/400) na UPDATE ya moja kwa moja kwenye faili la stoku. Yametoka matatu:

1. Mtu wa ofisini akiacha skrini ya bidhaa wazi kwenye kurekebisha, kaunta ya dukani inaganda kama dakika nzima kisha inatoa kosa.
2. Laini ya Pemba ikikatika katikati ya kutuma, kuna risiti zinaingia mara mbili na nyengine haziingii kabisa.
3. Majina mengine yanafika na vijialama visivyosomeka.

Je, tubaki na ODBC tuirekebishe, twende kwenye foleni za data za AS/400 yenyewe, au tununue programu ya ujumbe kama IBM MQ? Na kama ni foleni za data, mpangilio wake uweje?

---

Fundi_Mtoni amejibu:

Wa alaykum salaam. Kabla hujatumia pesa, FTP hiyohiyo ifanye kila dakika moja badala ya kila usiku. Sharti moja tu: faili lipelekwe kwa jina la muda, mfano D01.TMP, na likimaliza kufika ndipo FTP ilibadilishe jina kuwa D01.CSV. Upande wa AS/400 uchukue .CSV peke yake. Bila hivyo CPYFRMIMPF italisoma faili lililo nusu njia, nusu ya pili ya risiti isionekane tena.

---

RPG_wa_Vuga amejibu:

Hilo la kubadilisha jina ni kweli na wengi hulisahau. Lakini FTP ya kila dakika haitibu tatizo la pili la muulizaji. Laini ikikatika baada ya faili kufika na kabla ya jibu kurudi, seva italituma tena, na hakuna kitu upande wa pili kinachojua kwamba risiti hizo zimeshaingia. Ugonjwa hauko kwenye FTP wala ODBC. Uko hapa: kufikisha data na kuifanyia kazi vimefungwa pamoja, na mzigo hauna alama ya kuutambua ukija mara ya pili.

Sheikh Karani, baki na draiva uliyonayo, ila seva ya PC isiguse faili la stoku kabisa. Iandike kwenye jedwali la mapokezi tu, na programu ya RPG iliyo palepale Malindi ndiyo ipunguze stoku. Kaunta haitaganda tena kwa sababu ya skrini ya mtu, kwani kaunta na skrini hawatakutana kwenye rekodi moja.

Wengi wakisikia foleni ya data wanaweka mauzo yenyewe ndani yake. Msifanye hivyo kwa pesa. QRCVDTAQ (programu ya kusoma foleni) ikishasoma, ingizo limetoka kwenye foleni palepale. Halimo ndani ya COMMIT (kuthibitisha muamala), na ROLLBACK (kuughairi) hairudishi kitu. Programu ikianguka baada ya kusoma na kabla ya kuandika, hiyo risiti imekwenda na maji. Foleni iwe kengele ya mlangoni, daftari liwe jedwali.

Jedwali la mapokezi:

```
CREATE TABLE MAUZO.PITIO (
  DUKA    CHAR(3)       NOT NULL,
  TOLEO   SMALLINT      NOT NULL,
  NAMBA   BIGINT        NOT NULL,
  MSTARI  SMALLINT      NOT NULL,
  MTEJA   CHAR(8)       NOT NULL,
  BIDHAA  CHAR(15)      NOT NULL,
  IDADI   DECIMAL(9,3)  NOT NULL,
  KIASI   DECIMAL(13,2) NOT NULL,
  WAKATI  TIMESTAMP     NOT NULL,
  HALI    CHAR(1)       NOT NULL DEFAULT 'N',
  PRIMARY KEY (DUKA, TOLEO, NAMBA, MSTARI))
```

Huo ufunguo wa msingi ndio dawa ya risiti kuingia mara mbili. Seva isipopata jibu, itume tena bila hofu. Kama mzigo wa kwanza ulifika, Db2 (kanzidata ya AS/400) itakataa wa pili kwa SQLSTATE 23505 (SQLCODE -803), na programu ya PC ichukulie kukataliwa huko kuwa ni "umefika". Safu ya TOLEO nitaieleza chini, msiifute mkidhani haina kazi.

Kama maktaba MAUZO imetengenezwa kwa CRTLIB na si CREATE SCHEMA, jedwali halitaingia lenyewe kwenye jarnali (kumbukumbu ya kila badiliko, ambayo COMMIT inaihitaji). Ukijaribu INSERT yenye COMMIT utapata kosa SQL7008, sababu namba 3 (faili halina jarnali). Hapo watu huzima COMMIT ili kosa liondoke, na ndipo risiti nusunusu zinapoanzia. Tengeneza jarnali:

```
CRTJRNRCV JRNRCV(MAUZO/MZR0001)
CRTJRN JRN(MAUZO/MZJRN) JRNRCV(MAUZO/MZR0001) MNGRCV(*SYSTEM)
STRJRNPF FILE(MAUZO/PITIO) JRN(MAUZO/MZJRN) IMAGES(*BOTH) OMTJRNE(*OPNCLO)
```

Faili la stoku na la madeni yaingie kwenye jarnali hiyohiyo, maana RPG itayabadilisha pamoja na HALI ndani ya COMMIT moja. Ama DLTRCV(*YES), usiiweke mpaka umekubaliana na anayeshika nakala za akiba. Inafuta vipokezi vilivyojaa hata kama havijahifadhiwa kwenye tepu.

Kengele:

```
CRTDTAQ DTAQ(MAUZO/KENGELE) MAXLEN(64) SEQ(*FIFO) SIZE(*MAX2GB) AUTORCL(*YES)
```

AUTORCL isiachwe kwenye *NO yake ya kawaida. Foleni iliyojaa siku moja programu ilipolala inabaki na ukubwa uleule hata ikishamalizwa kusomwa. FORCE(*YES), ya kuandika kila ingizo diskini palepale, hapa haina haja, kengele ikipotea hakuna hasara.

Nani apige kengele? Jibu la haraka ni triga ya AFTER INSERT (inayojiendesha kila mstari ukiingizwa), na ni jibu baya. Triga inapiga kabla ya COMMIT. RPG inaamka, haioni risiti, inalala tena, halafu ndipo COMMIT inafika. Seva ya PC ipige yenyewe, baada ya COMMIT, kwa muunganisho uleule:

```
CALL QSYS2.SEND_DATA_QUEUE(MESSAGE_DATA => 'D01',
  DATA_QUEUE => 'KENGELE', DATA_QUEUE_LIBRARY => 'MAUZO')
```

Programu ya RPG inazunguka hivi. Inaita QRCVDTAQ kwa kusubiri sekunde 15. Iwe imepata kengele au muda umekwisha, inasoma PITIO zenye HALI = 'N', risiti mia moja kwa mkupuo. Kwa kila risiti inapunguza stoku, inaongeza deni, inaweka HALI = 'P', COMMIT. Kengele ikiwepo mauzo yanaingia mara moja, na ikikosekana hayachelewi zaidi ya sekunde 15. Msiweke -1, yaani kusubiri bila kikomo. Programu haitafika kwenye %SHTDN (pale inapouliza kama imeamriwa kuzima) mpaka apatikane mtu wa kuuza kitu, na ENDSBS (kuzima sabsistemu) ya kistaarabu itakaa inangoja.

Rekodi ya stoku ikiwa imeshikwa na skrini ya ofisi, RPG itasubiri muda wa WAITRCD wa faili, ambao kwa kawaida ni sekunde 60. Hiyo ndiyo "dakika nzima" uliyoiona kaunta. Weka OVRDBF FILE(STOKU) WAITRCD(3), shika hali 1218 (rekodi imeshikwa) kwa MONITOR na ON-ERROR, fanya ROLLBACK ya risiti hiyo peke yake, endelea na inayofuata. Itarudiwa mzunguko ujao. Bidhaa isiyojulikana nayo isizuie foleni nzima: iwekewe HALI = 'K' na ujumbe uende QSYSOPR (foleni ya ujumbe ya mwendeshaji).

Mwisho, programu hii haimalizi, kwa hiyo isiwekwe QBATCH. Kama jobq (foleni ya kazi) hiyo ina MAXACT ya 1, yaani kazi moja kwa wakati, kazi zote za bachi za ofisi zitasimama nyuma yake. Ipewe sabsistemu yake, jobq yake, na amri ya ADDAJE ili ianze yenyewe sabsistemu ikiwashwa.

---

Kebo_ya_Chake amejibu:

Upande wa seva ya PC, hasa zile zetu za Pemba. Umeme wetu unakuja kwa kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga na laini nayo ina siku zake, kwa hiyo chukulieni kukatika ni hali ya kawaida. Kaunta isijue kabisa kama Malindi ipo au haipo.

Muamala wa mauzo kwenye PostgreSQL uandike sehemu mbili ndani ya COMMIT moja: jedwali la mauzo lenyewe, na jedwali la KUTOKA lenye kile kinachosubiri kupelekwa. Huduma ya Windows inayojitegemea ndiyo inayosoma KUTOKA na kupeleka. Keshia anachapisha risiti na kuendelea.

Hapa kuna mtego ambao hauonekani kwenye majaribio. Watu huandika "nipe zote ambazo namba yake ni kubwa kuliko ya mwisho niliyotuma". Kaunta mbili zikiuza kwa pamoja, namba 105 inaweza kukamilika kabla ya 104. Mtumaji anaona 105, anaandika "mwisho ni 105", na 104 ikija nusu sekunde baadaye haitasomwa milele. Hizo ndizo risiti zinazopotea bila kosa lolote kwenye logi, na nadhani baadhi ya zile "haziingii kabisa" za muulizaji ni za namna hii, laini haina kosa. Weka safu ya IMETUMWA kwenye kila mstari na usome zilizo tupu:

```
SELECT ... FROM kutoka WHERE imetumwa IS NULL
ORDER BY namba LIMIT 200 FOR UPDATE SKIP LOCKED
```

Tena msitumie mapengo ya namba kama dalili ya risiti iliyopotea. Mfululizo wa namba wa PostgreSQL unaruka kila muamala ukighairiwa. Mtapiga simu Wete kila asubuhi kuuliza risiti ambayo haikuwahi kuwepo.

Kuhusu TOLEO. Seva ikifa na ikarejeshwa kutoka nakala ya jana, mfululizo wa namba unarudi nyuma. Mauzo mapya yatapewa namba ambazo Malindi inazo tayari, AS/400 itajibu 23505, mtumaji ataona "umefika", na mauzo ya siku nzima yatamezwa kimyakimya. Kwa hiyo kila seva ikirejeshwa kutoka nakala, TOLEO liongezwe moja kabla kaunta hazijafunguliwa. Liandikwe kwenye karatasi ya taratibu za kurejesha, juu kabisa.

Mafungu: mistari 200 kwa INSERT moja ya mafungu inatosha, ila fungu lisikate risiti katikati. Mstari mmoja ukiwa umeshaingia, fungu zima linarudisha kosa. Fanya ROLLBACK, tuma tena risiti moja moja kwa fungu hilo tu, zenye 23505 ziruke. Hesabu ya mzigo haitishi: kaunta 3, kila moja risiti moja kwa dakika yenye mistari 6, kwa saa 10 ni mistari 10,800. Laini ikilala kutwa, jioni ni mafungu 54. Yanapita bila Malindi kuhisi.

Muunganisho uwe mmoja, ufunguliwe asubuhi na ubaki. Kufungua mpya kwa kila risiti ni kuitesa QZDASOINIT, jobu inayohudumia ODBC upande wa AS/400, bure.

Halafu miunganisho mfu. Umeme ukizimika Chake katikati ya fungu, AS/400 haijui. Jobu ya QZDASOINIT inaendelea kushika mistari ambayo haijathibitishwa, na seva ikiwaka na kutuma fungu lilelile inakwaruzana na mzimu wake mwenyewe: SQLCODE -913 (mstari umeshikwa na mwengine). Muda wa kawaida wa TCP kugundua ni dakika 120, Windows nayo ni saa mbili. Punguzeni kwa CHGTCPA TCPKEEPALV(5), na kwenye mtumaji wekeni kikomo cha kusubiri jibu la soketi, sekunde 30. Kurudia baada ya kosa kuwe kwa kupanda: sekunde 5, 10, 20, mpaka 60, ibaki hapo.

Kosa moja tu lisirudiwe: nenosiri kukataliwa. Mtumaji anayejaribu nenosiri la zamani kila sekunde 5 atafikia QMAXSIGN (kikomo cha majaribio ya kuingia) na wasifu, yaani akaunti yake ya AS/400, utazimwa, na ukitumiwa mmoja kwa maduka yote, yote manne yamesimama.

---

Bi_EBCDIC amejibu:

Tatizo la tatu, vijialama, halijaguswa.

Angalia kwanza CCSID (namba ya seti ya herufi) ya safu kwa amri ya DSPFFD. Ikiwa ni 65535, draiva haibadilishi kitu, inapeleka baiti kama zilivyo. "A" ya PC ni X'41' na ya AS/400 ni X'C1', nafasi tupu ni X'20' na X'40', kwa hiyo neno zima linakuwa takataka. Mafaili ya zamani huwa na 65535 kwa sababu QCCSID ya mashine iliachwa ilivyokuja. Kwa jedwali jipya andika CCSID waziwazi.

Lakini umesema ni majina mengine tu, si yote. Basi safu ina CCSID kama 37 na baadhi ya herufi hazimo humo, zinageuzwa X'3F', alama ya badala. Wahalifu wa kwetu ni wawili. Kwanza, majina yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu: CCSID 37 haina hata moja. Pili ni alama ya ng'. Mtu akinakili anwani ya "Ng'ambo" au jina la bidhaa kutoka Word, alama ile inakuwa ya kupinda, U+2019, na CCSID 37 haiijui. Ile iliyonyooka inapita salama, ni X'7D'. Ndiyo maana jina moja linafika zima kutoka duka hili na limeharibika kutoka lile.

Dawa: safu za majina na anwani ziwe VARCHAR yenye CCSID 1208 (UTF-8), na urefu uongezwe, kwani herufi moja ya Kiarabu ni baiti mbili kwenye UTF-8. Au, kama programu za zamani za RPG haziwezi, mtumaji ageuze U+2019 kuwa alama iliyonyooka kabla ya kutuma. Kwa jedwali la RPG_wa_Vuga hapo juu lenye misimbo tu, hili halikuhusu. Tuma msimbo wa mteja, jina liache lilipo.

Akija mtu kukwambia upeleke rekodi nzima kama baiti mbichi kupitia foleni ya data, ujue utabeba mwenyewe kazi ambayo draiva inaifanya. Namba za desimali zilizofungashwa: 12345.67 kwenye safu ya (7,2) ni baiti nne, X'1234567F', na hasi inaishia na D. Namba kamili za AS/400 zinaanza na baiti kubwa na za PC zinaanza na ndogo, kwa hiyo 1 inasomeka 16,777,216. Ukikosea kufungasha, RPG inakufa kwa MCH1202 (kosa la data ya desimali). Kiasi kisipitie namba za nukta inayoelea hata upande wa PC. Numeric ya PostgreSQL iende moja kwa moja kwenye DECIMAL.

Na mpangilio: EBCDIC, usimbaji wa herufi wa AS/400, inaweka herufi kabla ya tarakimu, PC tarakimu kabla ya herufi. Mkilinganisha orodha mbili zilizopangwa kwa msimbo wa bidhaa mstari kwa mstari, zitaonekana hazifanani hata kama zinafanana.

---

Karani_Malindi ameandika:

Shukran sana, maalim zangu. Ya kuuliza yamebaki haya: fayawoli tufungue nini? MQ bado ina nafasi? Usiku SAVLIB (kuhifadhi maktaba) inapopita inakuwaje? Na hizo 'P' tuzifute lini?

---

RPG_wa_Vuga amejibu:

Fayawoli: kwa ODBC au JDBC ni 449 (ramani ya porti), 8476 (kuingia) na 8471 (kanzidata). Kwa TLS (laini iliyosimbwa), ambayo ndiyo ya kutumia kati ya Pemba na Malindi, ni 9476 na 9471. Porti 8472 ya foleni za data haihitajiki, kwani kengele inapigwa kwa SQL. Porti 21 ya FTP ukishahama ifungwe.

Wasifu mmoja kwa kila duka, si mmoja kwa wote: INLMNU(*SIGNOFF), LMTCPB(*YES), PWDEXPITV(*NOMAX). Mpe INSERT kwenye PITIO basi, na *OBJOPR na *ADD kwenye KENGELE. Asiweze hata kusoma stoku. Kujua duka gani linashika jobu gani, usihangaike na majina kwenye WRKACTJOB, yote yataandikwa QZDASOINIT. Fanya WRKOBJLCK kwenye wasifu wenyewe, OBJTYPE(*USRPRF), utaona jobu zake zote.

MQ: kama leseni mnayo tayari, itumieni, maana kusoma ujumbe kunaingia kwenye COMMIT na PITIO inakuwa haina lazima. Kuinunua kwa ajili ya maduka manne, kwa maoni yangu, ni kununua jahazi kuvuka mtaro.

SAVLIB bila SAVACT (kuhifadhi faili likiwa linatumika) inashika PITIO, INSERT inarudi na -913, mtumaji anasubiri, sanduku la KUTOKA linashika. Hakuna kinachopotea, ila programu ya RPG nayo ivumilie kosa hilo isife. SAVACT(*LIB) inapunguza muda huo. Siku ya kuhifadhi mashine nzima, GO SAVE chaguo 21, seva za mwenyeji zinazimwa zote. Baada yake hakikisha STRTCP na STRHOSTSVR *ALL zimepita, maana duka litaona tu kwamba "laini mbaya" na halitapiga simu.

CSV ya usiku msiitupe mwezi wa kwanza. Msiimimine, ilinganisheni: idadi ya mistari na jumla ya KIASI kwa kila duka, kwa tarehe ya WAKATI na si ya kupokelewa. Saa za seva na za AS/400 zifuate chanzo kimoja, CHGNTPA upande huu, la sivyo mauzo ya dakika za mwisho yataangukia siku mbili tofauti.

---

Kebo_ya_Chake amejibu:

Na wekeni ulinzi wa kuchelewa, si wa makosa. Kila dakika jobu ndogo iangalie WAKATI wa zamani kuliko zote wenye HALI = 'N'; ukizidi dakika mbili, ujumbe QSYSOPR. Hiyo inashika RPG iliyolala. Duka lililokatika halionekani kwa njia hiyo, kwa sababu halileti kitu. Kwa hilo mtumaji aandike alama ya uhai kwenye jedwali dogo kila dakika hata kama hakuna mauzo. Programu ya kukopesha ya Darajani iisome alama hiyo. Ikiwa ya Wete ina zaidi ya dakika tano, keshia aonyeshwe kwamba deni la mteja huyu huenda halijakamilika, na uamuzi wa kumkopesha uwe wa msimamizi.

---

Bi_EBCDIC amejibu:

Kufuta 'P': siku 35 zinatosha kuvuka mwisho wa mwezi na ukaguzi wake, ila msifute chini ya muda ambao seva inaweza kukaa bila kutuma. Ukifuta mstari, ufunguo wake umekwenda nao, na risiti ya zamani ikitumwa tena itaingia kama mpya.

Futeni kwa mafungu ya elfu kadhaa na COMMIT baada ya kila fungu, vyenginevyo kufuli zitamzuia mtumaji. RGZPFM (kupanga upya faili) haihitajiki kila wiki: jedwali la SQL linakuja na REUSEDLT(*YES), nafasi za zilizofutwa zinajazwa tena. Kwa sababu hiyohiyo RPG isisome PITIO kwa mfuatano wa kuwasili wala kwa RRN (namba ya nafasi ya rekodi). Mstari wa leo unaweza kukaa kwenye shimo la mwezi uliopita, mbele ya wa jana. ORDER BY WAKATI, DUKA, TOLEO, NAMBA, MSTARI, na faharasa inayoanza na HALI.